Tumbawe likipauka halijafa

Hapa Mombasa tumezoea kusema tumbawe likigeuka jeupe limekufa, na wengi wanaofuga matumbawe nyumbani hulitoa kwenye tangi la maji ya bahari wakalitupa. Si kweli, na huniuma, maana mara nyingi kinachotupwa kingali hai.

Tumbawe ni mnyama. Ndani ya nyama yake laini huishi mwani usioonekana kwa macho, nao ndio unaolipatia rangi na sehemu kubwa ya chakula. Maji yakizidi joto, mwani hutoka, nyama ikabaki angavu, na mifupa myeupe ya chokaa ikaonekana chini yake. Mwaka 1998 matumbawe ya pwani yetu yalipauka hivyo. Mengi yalikufa, mengine yakarudi.

Usiku chukua tochi, tazama kwa karibu. Ukiona vinywa vidogo na minyiri inayojikunja maji yakitikiswa, lingali hai. Lililokufa halina nyama tena, na baada ya siku chache huota ukoko wa mwani wa kijani au kahawia.

Basi tafuta chanzo. Pima joto kwanza. Nyuzi 25 hadi 27 zinafaa. Kisha chumvi, na hapa ndipo wengi hukosea. Jua la kaskazi hukausha maji upesi, lakini chumvi haiondoki nayo. Anayejazia maji ya bahari kila siku anaongeza chumvi juu ya chumvi. Pengo hilo lijazwe kwa maji yasiyo na chumvi yaliyosafishwa, si ya bomba yenye klorini. Taa mpya kali nayo hupausha, kwa hiyo lizoeshe tumbawe polepole, na ulipatie wiki kadhaa za kupona.