Himaya ya njiwa ni kiota chake, si mahali anapokula

Neno himaya hutumika ovyo kila zinapozungumzwa tabia za njiwa wa mjini. Mtu huwaona njiwa kumi wakidonoana juu ya punje za mahindi zilizomwagika mbele ya duka la nafaka, akaeleza kwa uhakika kwamba wanapigania himaya yao. Mwingine huwaona njiwa wale wale kila asubuhi katika uwanja mmoja, akauita uwanja huo himaya. Wote wawili wameona jambo la kweli, lakini neno walilolichagua lina maana nyingine, na maana hiyo ikipotea hatuwezi tena kueleza kwa nini ndege anayetulia kabisa katikati ya kundi sokoni huwa mkali anapokuwa juu ya kishubaka cha ukuta.

Katika elimu ya tabia za wanyama, himaya ni eneo ambalo mnyama hulilinda dhidi ya wengine, hasa wa aina yake mwenyewe. Uzito wote wa maana umo katika kulilinda. Mwingereza Eliot Howard ndiye aliyelipa wazo hili nguvu kubwa kwa upande wa ndege, mwaka 1920. Kisha mwaka 1939 Mmarekani G. K. Noble akalifupisha kwa kusema kwamba himaya ni eneo lolote linalolindwa. Mwaka 1943 William Burt, aliyekuwa akichunguza wanyama wanyonyeshao, alitenganisha waziwazi mambo mawili yaliyokuwa yakichanganywa: eneo lote ambalo mnyama hulizungukia akitafuta riziki na kulea watoto, na sehemu ya eneo hilo ambayo mnyama huyo huwazuia wenzake wasiingie. La kwanza ni eneo la mizunguko tu. La pili ndilo himaya. Zaidi ya miaka 80 imepita tangu tofauti hiyo iwekwe, na bado makala na vipindi vya wanyama huita kila mahali alipoonekana mnyama himaya yake.

Njiwa wa mjini ni mfano mzuri kwa sababu kwake mahali anapokula na mahali anapolinda huwa mbalimbali kabisa. Ndege huyu ni uzao wa njiwa wa kufugwa waliotoroka au kuachwa, nao asili yao ni njiwa wa majabali, ambaye hutaga katika mapango na nyufa za miamba. Kwake ukingo wa dirisha la ghorofa ya nne, boriti iliyo chini ya daraja na tundu la paa ni jabali. Chakula chake hakipo hapo. Huenda akaruka kilomita kadhaa kufuata maghala, bandari, masoko au mashamba, na huko hula pamoja na njiwa wengine wengi bila kumfukuza yeyote, kwa kuwa nafaka iliyotapakaa, ambayo leo ipo na kesho haipo, hailindiki. Kudonoana kunakoonekana pale ni kugombea punje iliyo mbele ya mdomo. Punje ikishamezwa, ugomvi umekwisha, na hakuna hata mmoja aliyedai kwamba ardhi ile ni yake.

Kwenye kiota mambo hubadilika. Dume aliyepata kishubaka huketi ndani yake akiguna kwa sauti nzito ya kurudiarudia, kichwa kikiwa kimeinama na mabawa yakitikisika kidogo. Mgeni akitua ukingoni, mwenyeji humwendea akiwa ametunisha shingo. Mgeni asipoondoka hupigwa kwa kifundo cha bawa, pigo ambalo husikika hata kwa mtu aliyesimama chini barabarani, au hushikwa ngozi ya shingo kwa mdomo na kusukumwa hadi ukingo umwishie. Akisharuka, mwenyeji hamfuati mbali. Hugeuka, akarudi kiotani, akaendelea kuguna.

Huko kutomfuata ndiko kunakosahauliwa na wanaosema kwamba njiwa ni ndege katili anayesingiziwa upole. Wallace Craig, Mmarekani aliyechunguza njiwa kwa miaka mingi na aliyefunzwa na mtaalamu wa wanyama Charles Otis Whitman huko Chicago, aliandika mwaka 1921 kwamba mnyama anayepigana hakusudii kumwangamiza adui yake, bali anataka tu aondoke mbele yake. Naona maelezo hayo yanatosha kabisa kwa mapigano ya njiwa ukingoni. Konrad Lorenz, mchunguzi wa tabia za wanyama kutoka Austria, naye alisimulia jinsi alivyowaacha hua wawili wa aina tofauti katika kizimba kimoja, na aliporudi akamkuta mmoja amechunwa ngozi vibaya na mwenzake. Kisa hicho hutajwa mara nyingi kama ushahidi wa ukatili wa njiwa, ilhali kinaonyesha jambo jingine: ndani ya kizimba, aliyeshindwa hana pa kuondokea, na lile ambalo lingemaliza ugomvi kwa dakika moja haliwezekani.

Ulinzi huu ni kazi ya wazazi wote wawili. Jike hutaga mayai mawili, nayo huatamiwa kwa muda wa siku 18 hivi. Dume hushika zamu tangu asubuhi iliyokwisha kupanda hadi alasiri, na jike hulalia mayai muda uliobaki, usiku kucha. Mtu anayeingiza mkono kiotani mchana akapigwa bawa, basi kwa kawaida amepigwa na baba. Makinda yenyewe yakishakua kidogo hujitunisha, hutoa pumzi kwa nguvu na kugonganisha midomo yao. Lakini kinda likitangatanga likaingia katika kishubaka cha jirani huweza kudonolewa kichwani hadi ngozi ikatoka, na wafugaji wa njiwa wanalijua jeraha hilo. Ni jambo la kuhuzunisha kuliona, na ndilo linaloonyesha kwa ukali zaidi mahali mpaka wa himaya unapopita.

Kuna tendo moja zaidi ambalo huhesabiwa kimakosa kuwa ugomvi. Siku chache kabla ya mayai kutagwa, dume humfuata jike wake hatua kwa hatua, akimsukuma na kumdonoa, hata katikati ya kundi linalokula. Hapo halindi mahali popote. Anamtenga mwenzi wake na madume wengine na kumhimiza arudi kiotani.

Tofauti hii ina uzito pia kwa wanaosimamia majengo. Katika mji wa Basel, Uswisi, njiwa wapatao 100,000 waliuawa kati ya mwaka 1961 na 1985 bila idadi yao kupungua kwa kudumu, kwa kuwa chakula kilibaki kingi na walioondolewa walijaziwa upesi na wengine. Mwaka 1988 mji ulianza kuwashawishi wakazi waache kuwalisha ndege hao, na katika muda wa miaka 4 hivi idadi ilishuka kwa takriban nusu. Aliyedhani kwamba njiwa hung'ang'ania uwanja kama mali yake asingetarajia hivyo.

Kwa hiyo anayeandika kwamba kundi la njiwa limefanya jengo fulani kuwa himaya yake angefaa kurekebisha sentensi kidogo tu. Kundi halina himaya. Jozi ndiyo yenye himaya, nayo huwa ndogo sana, kiasi cha ukingo mmoja wa dirisha; jengo lenye viota 30 vyenye wenyewe lina himaya 30, na kila moja hulindwa dhidi ya jirani wa upande wa pili.