Ruta kujipigia pingi: maana yake nini?

Pingi ni ujumbe mfupi wa kuuliza "upo?" unaosubiri jibu. Kujipigia pingi ni kuiagiza ruta, kifaa kinachounganisha mitandao, itume pingi kwenye anwani ya kiolesura chake yenyewe, yaani mlango wake wa mtandao. Wengi tunaamini jibu lazima lije, kwani ruta inajiuliza na kujijibu. Kwa upande wa LAN, mtandao wa ndani ya ofisi, ni kweli. Kwenye taneli (njia ya kubuni inayopita juu ya mtandao mwingine) au laini ya kupiga simu kwa modemu, si lazima.

Chukua ruta mbili za Cisco zenye IOS (programu endeshi yake) ya zamani, moja Kigoma, nyingine Tabora, zimeunganishwa kwa taneli ya GRE, aina ya taneli inayofunga pakiti ndani ya pakiti. Ndani ya taneli, anwani ya Kigoma ni 10.0.0.1, ya Tabora 10.0.0.2. Ukiwa Kigoma ukapiga pingi 10.0.0.1, pakiti, yaani kifurushi cha data kinachobeba pingi, haiishii ndani ya ruta. Inafungwa ndani ya pakiti nyingine, inakwenda Tabora, inafunguliwa, Tabora inaona anwani si yake, inairudisha. Ni kama kujiandikia barua ukaipakia kwenye treni ya Tabora, karani wa kule akasoma jina lako akairudisha Kigoma. Kisha jibu lako nalo linapanda treni hiyohiyo. Ndiyo maana, ikiwa pingi ya 10.0.0.2 inachukua milisekunde 30, ya kwako mwenyewe itachukua kama 60. Ruta zinazotumia Linux haziko hivyo. Zenyewe hujijibu ndani kwa ndani, kwa hiyo jibu lao halikuambii lolote kuhusu njia.

Mimi somo hili lilinila siku nzima. Katika ofisi moja mjini Kigoma, 10.0.0.1 ilikuwa kimya, nukta tano zimejipanga kwenye skrini, kila moja ni pingi isiyojibiwa. Nikabadilisha waya, nikazima na kuwasha ruta, nikafuta mipangilio na kuiandika upya. Kosa lilikuwa Tabora: tarakimu moja ya anwani yetu ilikosewa kwenye taneli ya kule. Na muda wote huo taneli ilionyesha iko hewani! GRE haichunguzi kama mwenzake yupo. Ikiona tu kuna njia ya kumfikia, inajihesabu nzima, isipokuwa umeiwekea ujumbe wa kupimana uhai.

Kwenye laini ya kupiga simu, ruta huwa na orodha ya anwani na namba ya kupigia kila moja. Anwani yako mwenyewe kwa kawaida haimo. Ukijipigia pingi, ruta haijui impigie nani, pakiti inatupwa, na modemu haitoi hata mlio.

Kwa hiyo kwenye taneli usianze na anwani yako. Anza na anwani halisi ya ruta ya Tabora, ile ya nje ya taneli, huku chanzo cha pingi kikiwa anwani ileile ambayo taneli yako inatokea. Ikijibu, nenda 10.0.0.2. Hiyo nayo ikijibu na 10.0.0.1 bado imenyamaza, tazama vichujio vya Kigoma: mara nyingi kuna kinachokataa pakiti inayoingia ikiwa na anwani yako kama chanzo. Kinadhani ni mwigaji, kumbe ni barua yako inarudi.