Thabeet dhidi ya Blair: kwa nini jitu la Connecticut lilitikiswa na mfupi

Ukifungua takwimu za Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyecheza mpira wa kikapu Chuo Kikuu cha Connecticut (UConn), Marekani, kuanzia 2006 hadi 2009, macho hukimbilia bloku, yaani mitupo ya wapinzani aliyoizuia: zaidi ya nne kila mechi. Mimi huangalia kwanza mahali alipokuwa amesimama.

Kanuni za vyuo Marekani hazimkatazi mlinzi kukaa chini ya ringi muda wote anaotaka. Kanuni ya kutozidisha sekunde tatu kwenye boksi, eneo la karibu na ringi, inambana anayeshambulia tu. Kwa hiyo Thabeet, senta (mchezaji wa karibu na ringi) wa mita 2.21, anajipanga pale kama mlinzi wa geti, na wapinzani wanaanza kutupa mapema au kugeuka na mpira kabla hajainua hata mkono. Mitupo hiyo iliyoghairiwa haiandikwi popote. Kazi yake iliyobaki ni kuuwahi mpira ungali unapanda, maana akiugusa ukianza kushuka kuelekea ringi, kikapu kinahesabiwa.

Dawa yake ilionekana Februari 16, 2009. UConn walikuwa namba moja nchini, wako Hartford, na chuo cha Pittsburgh wakawapiga 76–68. DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kwa Thabeet kwa takriban sentimita 20, alifunga pointi 22 na kukusanya ribaundi 23, yaani mipira iliyokosa kikapu. Watu wanakumbuka ile picha ya mikono kunasana wakigombea mpira, Thabeet akapinduliwa juu ya bega la Blair hadi sakafuni. Somo lenyewe lilikuwa kiunoni.

Tazama anavyofanya. Mpira ukiwa bado mkononi mwa mtupaji, Blair ameshamtafuta Thabeet kwa mgongo. Anakunja magoti mpaka makalio yake yanakaa kwenye mapaja ya yule mrefu, anatanua miguu, kisha anasukuma hatua moja kuelekea chini ya wavu. Pale chini ya wavu urefu hauna faida, kwa sababu mpira uliokosa unadundia mbele au pembeni. Ukiwa Thabeet, ukichelewa kumgusa Blair, hata ukiruka vipi, unamkuta ameshaushika mpira. Ukimsukuma kwa mikono, ni faulo.

Na vyuoni mchezaji anatolewa akifikisha faulo tano tu, si sita kama NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Machi 12 mwaka huohuo, UConn dhidi ya mahasimu wao, chuo cha Syracuse, pale Madison Square Garden, New York, mechi ilikwenda nyongeza sita za dakika tano tano, jumla dakika 70. Wachezaji wanane walitolewa kwa faulo, Thabeet akiwemo. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67. Syracuse hawakuongoza hata mara moja katika nyongeza tano za kwanza, kisha wakashinda 127–117. New York ilikuwa imepita saa saba usiku. Dar watu walishafika kazini.

Juni, kwenye uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA, timu ya Memphis walimchukua Thabeet chaguo la pili, Mtanzania wa kwanza kufika ligi hiyo. Huko mlinzi asiyemkaba mtu haruhusiwi kuzidisha sekunde tatu kwenye boksi, basi yule mlinzi wa geti akaambiwa atoke, aingie, atoke tena, kwa miguu ambayo haikuwa na kasi hiyo. Blair, ambaye madaktari waliona hana kano muhimu kwenye magoti yote mawili, alisubiri hadi chaguo la 37.