Je, wajua kwa nini petroli hainyonywi kwa mdomo?

Gari la petroli limejazwa dizeli kwa bahati mbaya. Fundi wa mtaani anachomeka mpira kwenye tangi, anavuta kwa mdomo, anatema, anajifuta kwa kiganja, kazi inaendelea. Akikohoa, hakosi mtu wa kusema, "Mpeni maziwa!"

Wengi hudhani hatari ni kuimeza. Tumbo laweza kustahimili funda dogo, mapafu hayawezi. Petroli ni nyepesi na telezi kuliko maji, hivyo mtu akipaliwa kidogo tu, matone huingia kwenye njia ya hewa na kutandaa haraka. Huko huharibu ute unaozuia vifuko vidogo vya hewa visisinyae. Kinachofuata ni kikohozi, homa na kupumua kwa shida, wakati mwingine saa kadhaa baadaye, fundi akiwa ameshalala kwake. Ndiyo maana aliyemeza petroli hatapishwi: ikipanda kooni inapata nafasi nyingine ya kuingia mapafuni. Maziwa hayaondoi sumu, na yanaweza kumtapisha. Hospitali, basi.

Na kunyonya kwenyewe hakuna haja. Mpira ukishajaa, uzito wa mafuta ya upande ulioshuka ndio unaovuta yaliyo nyuma, mradi ncha ya nje iwe chini kuliko usawa wa mafuta tangini. Pampu ya mkono yenye kibofu cha mpira inatosha kuyaanzisha. Magari mengi ya siku hizi yana kizuizi shingoni mwa tangi, mpira haupiti. Hapo hufunguliwa njia ya mafuta, baada ya kuchomoa waya hasi wa betri. Swichi isiguswe, maana pampu itasukuma mchanganyiko huo hadi kwenye injini.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi, hutambaa sakafuni na kujaa kwenye shimo la gereji, palepale fundi alipoinama na taa yake. Kazi hii ifanyike nje, mbali na sigara na jiko la mama ntilie, dumu likiwa limewekwa chini ardhini ili umeme tuli usirushe cheche.

Tangi likishakauka, usilipeleke moja kwa moja kwa mchomeleaji. Lililojaa pomoni lina mvuke mwingi na hewa kidogo mno kulipuka. Tupu lina vyote viwili.