Kanda ya kwanjula si filamu, jamani

Hajati mmoja wa Kibuli, hapa Kampala, kaniletea dukani kanda ya VHS ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, nimtolee nakala: kwanjula ya binti yake, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, 1994. Aliongozana na mjukuu. Nikapangusa ukungu, nikapitisha spiriti kwenye hedi za deki, nikaisukuma ndani. Picha ikatoka kama kanda zote za umri ule: wekundu wa gomesi, lile vazi la kina mama, unavuja nje ya gomesi, nyuso kama zimepakwa uji. Mimi nilifurahi, maana nilitegemea mabaya zaidi. Kijana hakufurahi. Akatoa simu, akanionyesha Kapteni Kirk, nahodha wa meli ya angani katika Star Trek, vinyweleo vyote vinahesabika.

"Mjomba, hii ni ya 1968. Ya bibi ni ya 1994. Mbona ya zamani ndiyo safi? Hebu nawe bonyeza hiyo HD."

Huyo ni wa nne mwezi huu. Wote wanaamini kwamba picha husafika kadiri miaka inavyosonga, na kwamba HD, yaani picha yenye makali, ni kitufe ambacho mimi, kwa uchoyo, nimekificha chini ya meza nikingoja bei ipande.

Bahati mbaya kwake, alichokichagua nakijua. Usiku nikishafunga duka narudia msimu wa tatu wa Star Trek ya kwanza, ule wa mwisho, vipindi 24 kuanzia Septemba 1968 hadi Juni 1969, ambao mashabiki wenzangu huuruka kama dimbwi la maji machafu. Basi nilimjibu kwa kirefu. Hajati aliomba kiti.

Picha za Kirk zilipigwa kwa filamu ya milimita 35, ile ile ya sinema. Filamu haina mistari kama picha ya runinga, ina chembe, na chembe hizo zilishika mengi kuliko runinga ya wakati ule ilivyoweza kuonyesha. Marekani walikuwa na mistari 525, na hata hiyo si yote iliyofika kwenye kioo. Watazamaji wa 1968 waliona ukungu, lakini negativu, ile filamu yenyewe iliyopita kwenye kamera, ilibaki kabatini na kila kitu ndani yake. Mwaka 2006 wenye mali wakaanza kuiskani upya. Hawakuongeza usafi wowote kwenye uso wa Kirk. Waliukuta pale pale.

Kanda ya Hajati haina negativu nyuma yake. Kamera iliandika mistari kwenye sumaku, nusu kwanza, nusu nyingine baadaye, na VHS kwa upana inabeba kama nukta 240 za kutambulika. Rangi zinapata pungufu ya hapo, ndiyo maana gomesi inavuja. Kilichoandikwa ndicho kilichopo. Ukiniambia nitoe HD humo unaniambia nikamue tui kwenye kifuu.

Sasa hapa ndipo wajuaji wanaponichosha. Huwa wanadakia: "Aa, kumbe filamu ni safi, kanda ni mbaya." Hapana! Chukua mfululizo uliofuata, The Next Generation, 1987 hadi 1994, misimu saba. Nao ulipigwa kwa filamu ya milimita 35. Lakini kwa miaka mingi ulionekana vibaya kuliko Kirk aliyeutangulia kwa miaka ishirini. Kwa nini? Kwa sababu baada ya kupiga, filamu ilihamishiwa kwenye kanda, na kukata, kuunganisha, miale ya bunduki, meli kupita mbele ya nyota, vyote vikafanyika kwenye kanda. Kipindi kilichokamilika hakikuwahi kuwepo kwenye filamu. Kilikuwepo kwenye kanda tu, tena kanda ya mfumo wa Kimarekani. Nchi za mfumo wa PAL wenye mistari 625, kama Uganda, zililetewa picha iliyogeuzwa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, ikapoteza makali mara ya pili njiani. Ili kuutoa katika HD, kati ya 2012 na 2014, ilibidi wafukue makasha ya negativu, watafute kila kipande, wakiunganishe upya kwa kufuata kanda ya zamani, watengeneze na miale upya. Misimu saba! Ndugu zake wawili waliofuata, Deep Space Nine na Voyager, walitengenezwa kwa njia hiyo hiyo na bado hawajafanyiwa kazi hiyo kwa ukamilifu. Gharama inatisha.

Kwa hiyo swali si "filamu au kanda". Swali ni: kazi ilimalizikia wapi?

Usafi wenyewe una hila yake. Msimu wa tatu ulikatiwa bajeti na kutupwa Ijumaa saa nne usiku, wakati vijana wako nje. Kuna kipindi ambamo mji mzima wa Magharibi ya kale ni kuta za mbele tu, nyuma hakuna nyumba, anga jekundu. Hadithi inajitetea kwamba viumbe wageni waliuchota mji vipande vipande kutoka kichwani mwa Kirk. Ujanja mzuri wa mtu asiye na hela. Lakini katika HD naona pia uso wa yule anayepigana badala ya Kirk, wala hafanani naye. Waliojenga zile kuta walitegemea ukungu wa runinga uwasitiri. Je, msimu huu ni mbaya kama wanavyosema, au tumeuvua nguo? Kila nikirudia nabadili jibu.

Halafu wale wa 2006 walibadilisha meli na sayari kwa kompyuta. Mimi hutazama zile za awali, kwa msimamo. Juzi nilisahau kubadili, nikatazama kipindi kizima na sayari mpya, nikaipenda. Msimwambie mtu.

Kijana akauliza kuhusu programu za akili unde za kusafisha picha. Ninazo. Programu haitoi kilichokuwepo, inakisia. Mwaka jana niliipitishia kanda ya marehemu bibi wa mteja mmoja, ikampa meno kamili na kope za mwigizaji. Binti wa marehemu alilia kwa furaha, akalipa, akanikumbatia. Mimi nilijua yule si mamake. Sikusema. Mpaka leo sijui kama nilipaswa kusema, na tangu siku hiyo natoa nakala mbili: ya kweli, na ya kope.

Hajati akachagua ya kweli. Nikamuuliza kama kwanjula ile ilikuwa na mpiga picha za kawaida, maana zile ni filamu, na negativu zake ningeziskani zikamwacha Kirk nyuma.

"Vile vipande vyeusi vya kuona mwanga kwa mbali?"

"Hivyo hivyo, mama."

Akamgeukia mjukuu. "Si ndivyo mlivyokatakata 2013 mkatazamie jua lilipopatwa?"

Kijana akaiweka simu mfukoni. Nimewaambia warudi Alhamisi.