Unatoka Poland na Picha ya Bwana Mwenye Sharubu? Kibali Kwanza

Maswali yamezidi msimu huu wa likizo. Mtu anasoma Kraków au Warszawa, amenunua gulioni picha ya rangi ya mafuta ya karne ya 19, bwana wa Kipolandi mwenye sharubu na koti jeusi, na sasa anataka kuondoka nayo. Hatuna shaka na nia yake. Ila sheria ya Poland ya mwaka 2003 ya kulinda malikale inatazama umri na thamani.

Mchoro wenye zaidi ya miaka 50 na thamani inayozidi zloti 40,000 hautoki nchini bila kibali. Masharti hayo mawili huenda pamoja. Kuutoa moja kwa moja, bila kuurudisha, kibali ni cha waziri wa utamaduni, na ombi hupitia kwa mhifadhi wa malikale wa mkoa. Kuutoa kwa muda, mhifadhi huyo huyo anatosha. Na jamani, kwenda Ujerumani ni kwenda nje ya nchi! Kutogongewa muhuri kwenye pasipoti si kibali.

Mchoro wa bei ndogo hauhitaji kibali, lakini ofisa wa forodha anaweza kukudai uthibitisho: tathmini ya umri au ya bei, au ankara ya muuza vitu vya kale inayoutambulisha mchoro wenyewe. Kikaratasi cha "picha 1, fremu 1" hakitambulishi chochote.

Anayekiuka hufungwa kati ya miezi 3 na miaka 5. Asiyekusudia anaweza kupigwa faini, au kufungwa hadi miaka 2. Mahakama inaweza kuongeza malipo ya mara 3 hadi 30 ya kima cha chini cha mshahara, na kutaifisha mchoro hata kama ni mali ya mtu mwingine.

Kabla ya yote hayo, igeuze picha. Lebo iliyobanduka nusu kwenye mbao za nyuma, au namba ya kalamu nyekundu, iache ilivyo. Wizara ya utamaduni ina orodha mtandaoni ya vitu zaidi ya 60,000 vilivyopotea katika Vita Kuu ya Pili, na alama kama hizo husaidia kumtambua bwana wako. Akionekana humo, sahau kibali. Wasiliana na wizara.

Na kiazi kibichi kipikeni. Anayemsugua bwana uso kwa kiazi "apate kung'aa" anaondoa vanishi, pengine na sharubu.