Msitu wa hifadhi wa kijiji maana yake nini hasa

Huku kwetu Lindi ukitamka tu neno hifadhi watu wanashtuka, mtu anaona keshanyang'anywa, kesho anakuta bikoni shambani kwake. Kwa hiyo tuanzie hapo hapo. Msitu wa hifadhi wa kijiji sio wa serikali kuu wala wa halmashauri, ni msitu ulio ndani ya ardhi ya kijiji ambao wanakijiji wenyewe wamekaa kwenye mkutano mkuu wakakubaliana kwamba kuanzia hapa mpaka pale hapalimwi, na wakajipangia nani akate nini na lini. Sheria ya Misitu ya 2002 ndo inakipa kijiji hiyo nguvu. Msitu wa Rondo ni habari nyingine, ule ni hifadhi ya serikali, na vijiji jirani hata vikishirikishwa kwenye ulinzi mwenye mali habadiliki. Watu wanachanganya sana hivi vitu viwili.

Sasa utasikia mtu anauliza, kwa nini tusimwachie kila mmoja atunze kipande chake? Hapa ndo penyewe. Nenda kijiji chochote, utakuta ukoo huu una kichaka chenye makaburi ya babu zao, wale wana sehemu ya jando haikatwi mti, mzee fulani ana eka zake tatu za pori anasema akiba ya wajukuu. Kila mmoja ukimtazama peke yake hana kosa. Ila bei ya ufuta ikipanda huyu anafyeka kidogo, mwaka unaofuata yule naye, si ni kwake bwana, na baada ya miaka kumi msitu mmoja umekuwa viraka saba vimezungukwa na mashamba. Kuna komba mdogo anaitwa komba wa Rondo, ana kama gramu 60, yaani uzito wa yai la kuku, na dunia nzima anapatikana Tanzania tu kwenye misitu michache ya pwani. Huyo maisha yake ni vichaka vya ndani ya msitu, sasa ukimwachia viraka na katikati shamba jeupe atapita wapi?

Hata Uingereza wana shida inayofanana. Wao wanaita msitu wa kale ule uliokuwepo mfululizo tangu mwaka 1600, kwa sababu kabla ya hapo watu hawakuwa na mazoea ya kupanda miti, kwa hiyo kama msitu ulikuwepo basi huenda uliota wenyewe. Misitu mingine ya hivyo imeuzwa vipande, mtu na eka zake chache, na wakitaka ndege na vipepeo wabaki inabidi wakae wakubaliane mpango mmoja, leo inakatwa sehemu hii visiki vichipue, miaka ijayo ile, maana kipepeo hana habari na hatimiliki ya mtu.

Na jamani kupanda miti sio jibu la kila kitu. Panda mitiki elfu kumi, utapata mbao, msitu wa zamani hupati. Ndege anayeitwa hondohondo, jike lake linapotaga linajiziba ndani ya tundu la mti linabaki na upenyo wa kulishwa tu, na tundu hilo linataka mti mzee, kwenye mti wa juzi ndege huyo hana pa kuingia. Ndo maana mpango mzuri unaacha makusudi miti yenye matundu, magogo yanayooza na ile miti mikubwa ya mbegu hata kama fundi seremala anaitolea macho.

Kwa kazi za kila siku kijiji kinachagua kamati ya maliasili, hao ndo wanaofanya doria, wanakagua miti iliyopo na kusimamia uvunaji kwa mujibu wa mpango na sheria ndogo. Na kuvuna kupo, hili watu hawaamini. Kilwa kuna vijiji vinauza magogo ya mpingo kutoka msitu wao na hela inaingia kijijini, na 2009 msitu wa aina hiyo ulipata cheti cha FSC, kile cha kuonyesha mbao zimevunwa kwa utaratibu. Mpingo unatengenezewa klarineti, ala ya muziki ya kupuliza, huko nje, bei yake sio mchezo, lakini unachukua miaka 70 na zaidi kukomaa kwa hiyo unakata michache tu kwa hesabu.

Kinachosumbua kuliko shoka ni moto. Wasaka panya wanachoma, mwenye kuandaa shamba anachoma, na ukiwaka mwezi wa tisa au wa kumi majani yakiwa yamekauka kabisa hauzimiki. Kwenye miombo, yaani misitu ya wazi yenye majani mengi chini, wengine wanachoma mapema, mvua zikishaisha na majani bado yana unyevu, moto unapita chini chini na baadaye hakuna cha kuunguza. Kwenye msitu mnene wa pwani usijaribu hiyo, pale moto hautakiwi kabisa.

Mkitaka kuanza, anzeni na mpaka wa kijiji jirani kabla ya kuchora ramani yoyote, na wale wenye mashamba tayari humo ndani waiteni kwenye kikao cha kwanza. Ukimwita kikao cha tano mstari umeshapita kwenye mikorosho yake, atakuja na panga.